Viatu vya Mtu wa Gunia

Jumanne jioni, Nakuru, mwaka wa 1954. Upepo wa ziwani umetuletea vumbi jeupe tangu asubuhi, na sina hamu ya chai wala ya chakula.

Leo wamemchukua Njuguna seremala.

Askari walitutoa nje sote, wanaume wa lokesheni, mtaa wetu sisi Waafrika, kabla jua halijachomoza. Wakikuyu wakachuchumalishwa kwa safu. Sisi wengine, Waluhya na Wajaluo, tukaamriwa tusimame kando tutazame. Kisha akaletwa mtu aliyefunikwa gunia mpaka magotini, matundu mawili ya macho, akapitishwa mbele yao. Akitikisa kichwa mbele yako, unapandishwa lori. Hakuna shtaka, hakuna hakimu. Ndiyo Hali ya Hatari hiyo aliyoitangaza gavana.

Alipotikisa kichwa mbele ya Njuguna, Njuguna alisimama akamwambia afisa, "Huyu anayenishtaki avue gunia nimwone. Nina haki ya kusikilizwa."

Afisa akataka kujua nani aliyemfunza maneno hayo. Njuguna hakujibu. Walimpiga kitako cha bunduki wakamtupa lorini.

Nilimfunza mimi.

Kila Jumatano jioni nafundisha watu wazima katika chumba cha kanisa. Nawaambia mtu huzaliwa na haki zake, hapewi na gavana. Nawaambia serikali ni kama askari wa zamu: tumemweka alinde nyumba, si kumfunga mwenye nyumba bila kumsikiliza. Hapo huwa wanacheka sana. Wiki jana Karanja, fundi wa baiskeli, aliniuliza: na askari huyo akikataa kuondoka je? Niligeuka nikafuta ubao.

Chumba kile hufagiliwa na Wanjiru, mke wa Njuguna, na hakuna tope linalopita mlango wake. Tunavua viatu sote, yeye anavipanga ukutani. Ndiyo maana namjua kila mwanafunzi kwa viatu vyake.

Mtu wa gunia alivaa buti kuukuu za jeshi, moja imefungwa kwa kamba ya katani.

Ni Karanja.

Mungu wangu, nilitaka kumrarua kwa kucha! Lakini nikitaja jina lake, watu wa kiapo, wale walioapa kupigana na serikali, watammaliza, na hakuna atakayemuuliza kitu. Labda alipigwa kwanza. Labda wamemshikia mtoto. Sijui, na hakuna anayejua mpaka asikilizwe. Haki ile ya Njuguna ni ya Karanja pia, na leo nimeichukia kwa moyo wangu wote.

Mchana Wanjiru alinikuta chumbani nikipanga viti. Hakuwa analia. Ndugu wawili wa mumewe walibaki uani. Aliniuliza kama nilimtambua yule wa gunia. Nikamwambia sikuona uso, na huo ni ukweli.

"Uso sikuulizi, Mwalimu. Alivaa viatu gani?"

Nilifumba mdomo. Nilijiona mwanamume kwa kuufumba. Lakini macho yangu, maluuni haya, yalikwenda mlangoni, mwisho wa safu, kando ya ndoo, pale anapoweka buti za Karanja kila Jumatano. Mara moja tu. Nilipoyarudisha, nilimkuta ananitazama.

Alisema asante. Akatoka, akawanong'onezea shemeji zake, wakaondoka pamoja bila haraka.

Yule wa gunia naye hakusema neno. Alitikisa kichwa tu.

Sasa kafyu imeanza na askari wako barabarani. Nikitoka kwenda kwa Karanja napigwa risasi kabla sijafika kwenye bomba la maji. Nimejiambia hivyo mara nyingi tangu niketi hapa. Najifanya nimesahau kwamba kafyu haijawahi kuwazuia wale ndugu wawili.

Kesho, kabla ya darasa, nitatangulia mlangoni. Nitamwambia Karanja asivue viatu, akimbie navyo hivyo hivyo, na mambo yake atanieleza siku nyingine.

Kama kesho itamkuta.