Moyo wa Panya Namba Tisa

Jumatatu, 7 Juni
Nimelisha panya, nimefagia vizimba. Baridi. Mlima umejifunika wingu tangu asubuhi.
Leo panya wanne. Kila mmoja eksirei kwanza, halafu ultrasaundi. Dokta Mkude, mkuu wa maabara, anataka kujua ipi kati ya hizo mbili inapima vizuri zaidi nguvu ya moyo. Eksirei nimeikuta hapa. Ultrasaundi imeingia mwaka huu, imeshatumika Ulaya kwa watoto wachanga. Siku hizi kila kitu kinaingia, hata mashine za mtumba.
Naipenda. Eksirei inakupa kivuli kilichoganda. Hii unauona moyo unapiga.

Jumanne, 8 Juni
Namba tisa ametugombanisha. Panya buku jike, mzito. Aliletwa wiki mbili zilizopita na Mzee Kobelo, mtega panya wa Kinole. Kwenye eksirei moyo wake mpana, umelala upande. Dokta kasema umechoka, unashindwa kazi. Kwenye ultrasaundi unabana vizuri kabisa. Nimepima mara tatu. Jibu lilelile.
Dokta akacheka. "Joyce, hiyo mashine ni ya mtumba." Ijumaa apasuliwe, ubishi uishe.
Nimeudhika. Nilinyamaza.

Jumatano, 9 Juni
Umeme hakuna kutwa. Nimefua makoti ya maabara.

Alhamisi, 10 Juni
Nimeishika ile picha ya eksirei dirishani, nikaitazama upya. Si moyo tu. Kile kiwambo kinachotenga kifua na tumbo kimepanda juu mno. Kuna kitu tumboni kinakisukuma, nacho kinausukuma moyo. Ndiyo maana umelala, ukaonekana mpana.
Uvimbe? Maji?
Saa nane akaja Mzee Kobelo na panya wengine. Nikamwamkia, nikamwuliza namba tisa alimtoa wapi.
"Marahaba, mwanangu. Shimoni, shamba la mihogo. Walikuwa wawili. Dume akanikimbia."
Jike na dume, shimo moja. Basi huenda si uvimbe. Dokta kaenda Turiani, harudi hadi kesho. Naogopa kukosea mbele yake. Naogopa zaidi kunyamaza tena.

Ijumaa, 11 Juni
Nimewahi kazini. Nikamlaza namba tisa, nikampaka jeli, safari hii tumboni. Mwanzoni ukungu mtupu. Halafu nukta inayopepesa. Ya pili. Ya tatu.
Dokta akaingia akivaa glavu, mkasi umeshachemshwa. Nikamwomba atazame kwanza. Akainama mbele ya kioo cha ultrasaundi, akafuata nukta kwa kidole.
"Hii ni mioyo," akasema.
"Mitatu, Dokta."
Akavua glavu. "Basi. Hapasuliwi mtu leo." Kisha, taratibu: "Mimi nilisoma kivuli tu."
Nilitaka kucheka, machozi yakanitoka. Aibu, lakini raha.
Jioni tukaandika pamoja: eksirei ionyeshe umbo na mahali, ultrasaundi ipime kazi ya moyo. Picha moja isimhukumu mnyama. Sentensi hiyo ya mwisho ni yangu. Hakuifuta.

Jumamosi, 19 Juni
Namba tisa kazaa usiku. Watatu, wekundu, macho yamefumba. Nimemwongezea majani makavu ya mahindi na kipande cha papai. Sikumgusa. Dokta alipita na mkewe, wakachungulia, wakaondoka wakinyata.
Nimekaa karibu na kizimba mpaka saa sita. Wananyonya. Mvua nyepesi imeanza kule mlimani.