Jina Juu ya Wimbo

Alexandria, Virginia
8 Februari 2004

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi ya huku imenikausha midomo. Goti lako linaendeleaje?

Nina habari. Nimeanza kutunga. Usicheke. Gitau, Mkenya ninayefanya naye kazi ya kutunza wazee, amenipa kompyuta yake ya zamani, na ndani yake mna programu ya kuandikia muziki. Mistari mitano ya nota iko tayari. Unabofya nota, inakaa mahali pake. Ukikosea unafuta bila kutoboa karatasi. Ukimaliza, kompyuta inakupigia sauti zote nne. Wiki ya kwanza nilikuwa naandika nota chache tu, nazisikiliza, nazifuta. Sasa nimemaliza wimbo mzima wa shukrani. Nimeuchapa, umo humu. Wape kwaya yako ukiona unafaa.

Mwanao,
Leokadia

Bukoba
7 Machi 2004

Mwanangu Leokadia,

Tumsifu Yesu Kristo. Tu wazima. Goti linanisumbua nikipanda ngazi za kanisa, basi.

Wimbo nimeupata, nimeusoma mara tatu kabla sijamwonyesha mtu. Juu kulia pameandikwa jina la Gitau. Hukuniambia kama Gitau ni mtunzi. Hukuniambia vilevile ni nani kwako, lakini hilo naliacha kwa sasa.

Nilikufundisha miaka sita. Kuimba uliweza. Kupanga sauti nne hukuweza, ukaacha daftari kwenye benchi ukaondoka. Leo naletewa sauti nne zimechapwa kama kitabu. Niambie ukweli: ametunga yeye, au imetunga hiyo mashine? Vyovyote sitakasirika. Ila siwezi kuwapa wanakwaya kitu nisichojua kimetoka wapi.

Baba yako,
Mwalimu Boniface

Alexandria
18 Aprili 2004

Baba,

Shikamoo. Natumaini Pasaka ilikwenda salama.

Programu ilisajiliwa na Gitau, kwa hiyo kila ukurasa mpya huja na jina lake. Mimi nilikuwa natazama nota, pembeni sikutazama. Na mashine haitungi kitu. Usipobofya, inakaa kimya.

Barua yako ilinikuta nimeshagawa nakala zile zile kwa kwaya ya kanisa letu, Oxon Hill, ng'ambo ya mto. Siku ya Pasaka wakauimba. Baada ya misa watu wakamzunguka Gitau kumpa mkono: "Hongera, mtunzi." Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Akaipokea mikono yote.

Kabla ya barua yako ningecheka. Siku hiyo sikucheka. Nilimwuliza ndani ya gari, "Jina uliliacha makusudi?" Akasema, "Walikuja wengi, Leokadia. Ningewaambia aje? Miaka tisa niko hapa, hakuna mtu amewahi kunipongeza kwa kitu." Nikamwambia asimamishe gari, nikashuka. Kesho yake nikamrudishia kompyuta mlangoni kwake. Amepiga simu mara nyingi, sipokei.

Sijui kama ni mwizi. Sijui hata kama wewe unaniamini. Sitatunga tena.

Leokadia

Bukoba
27 Juni 2004

Mwanangu,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi. Umekaa miezi miwili bila kuandika, nami nimekaa muda huo huo nikitafuta namna ya kuanza. Naanza hivi: nilikosea.

Mwezi uliopita niliutoa wimbo kabatini ili niuchunguze, nipate ushahidi kwamba si wako. Makosa niliyapata. Sauti ya kwanza inaimba mstari mzima na nusu bila mahali pa kuvuta pumzi. Mashine haina mapafu, haikukuonya. Besi umeishusha mahali ambapo hakuna mwanaume wa huku anayeweza kufika. Mtunzi mzoefu hafanyi hivyo, na anayeiba huiba wimbo uliokamilika. Haya ni makosa ya mtu anayeanza, mwenye sikio. Ni wako. Nilikataa kuliona hilo kwa sababu nimetunga miaka thelathini, na wimbo wako wa kwanza ni mzuri kuliko wangu wa kwanza.

Nikarekebisha pale pa pumzi na pale pa besi, juu nikaandika jina lako, nikawapa kwaya. Jumapili iliyopita wakauimba. Baada ya misa Euphrasia, mwenyekiti wa kwaya, akaja na wenzake. "Mwalimu, sema kweli," akaniambia. "Huu umetunga wewe, ukaandika jina la mtoto." Wote walikuwa wanatabasamu, wamenyoosha mikono.

Nilikawia kujibu, Leokadia. Si muda mrefu, lakini mkono wa Euphrasia nilikuwa nimeshaushika. Kisha nikasema hapana, ni wa mwanangu. Wakadhani ni unyenyekevu. Nikarudia kwa sauti ya darasani, mpaka mikono ikashuka.

Huyo Gitau simjui, na bado nina maswali ya kumwuliza. Lakini akipiga simu, pokea.

Baba yako