Wimbo wa Nesti

Përmet, Alhamisi

Dada mpenzi Ermioni,

Nakusalimu sana, na natumaini goti limepoa na baridi ya Korçë haikuumizi. Huku sote wazima, ila mimi usingizi umenikimbia. Barua hii nimeianza mara nne na kuichana, kwa hiyo ukiona mwandiko unakwenda mbio, nivumilie.

Habari kubwa ni kwamba rafiki yetu Lefter amepasuliwa koo na hawezi kuimba tena. Watu wa redio nao wanautaka ule wimbo ambao yeye na Sulo walimtungia marehemu mumeo Nesti. Sulo akasema niuimbe mimi. Nikajitetea kwamba sauti imezeeka, akanicheka: "Vangjel, miaka thelathini unatuvumia 'eee' tu kama nyuki mzingani. Leo fungua mdomo, bwana."

Unazijua nyimbo zetu: wawili wanabeba maneno, wengine tunashikilia ile sauti moja chini yao. Mimi nilijichagulia kuvuma tangu wimbo huo ulipotungwa, na hakuna aliyeniuliza kwa nini. Anayevuma hatamki neno.

Jumanne tukarekodi. Nilikwenda vizuri mpaka pale panaposema Nesti alipanda mlima peke yake kwenye theluji. Nikaimba kwamba walipanda wawili. Sulo akashusha fidla. Lefter, aliyekaa pembeni na bendeji shingoni, akanong'ona kwamba nimekosea. Nikamjibu sikukosea. Akasema, "Basi mwambie Ermioni kabla redio haijamwambia."

Dada, wa pili nilikuwa mimi. Tulikuwa tunakimbilia Ugiriki, na siku zile kuvuka mpaka kulikuwa kosa la kufungwa. Karibu na kilele Nesti alivunjika mguu, nikamwahidi kwamba nashuka kuleta watu. Nilipofika nyumbani niliwaogopa walinzi wa mpaka. Wakijua tulikuwa wawili wangenifunga. Nikaingia kitandani na nguo zangu zilizolowa. Asubuhi ulipokuja kuniuliza kama nimemwona, nikasema sijamwona. Wakati huo huenda alikuwa bado hai, na wewe ulinishukuru ukaenda kuuliza nyumba ya pili.

Wimbo utasikika Jumapili baada ya ibada. Nimewakataza kuurekebisha. Jumatatu nitapanda basi la kwanza kuja kwako. Usiponifungulia nitakaa kwenye ngazi, maana safari hii siondoki.

Wasalimie wapwa zangu, kama watakubali bado kuniita mjomba.

Nduguyo,
Vangjel