Kalamu Nyekundu ya Mume Wangu

Dada yangu kipenzi,

Kabla ya lolote nakusalimu, na tafadhali usiruke salamu ukatafute umbea chini, nakujua. Mgongo unasemaje baada ya zamu? Shemeji amepona kikohozi? Na pacha wako, bado wanagombania mto mmoja? Huku tu wazima wa mwili. Ijumaa ndoa yetu itatimiza miezi mitatu, na mimi mpaka leo nikisikia viatu vya mume wangu kwenye ngazi moyo unanipiga kana kwamba anakuja kuposa. Usicheke. Najua unacheka.

Unakumbuka sebuleni kwa mama, mimi na wewe chini ya shuka moja, tukitazama zile filamu za walimu? Zilikuwa zilezile, ila koti la mwalimu lilibadilika. Anaingia kwenye darasa la watoto watukutu kumi na wanane, wanamrushia karatasi, yeye anatabasamu, anafunga kitabu, anasema maneno mawili ya moyoni, na kabla hatujamaliza bisi darasa zima linalia. Mimi nililia nao. Wewe ulikuwa ukiniuliza mwalimu huyo anasahihisha saa ngapi, na kama nimewahi kuona muuguzi wa filamu akimwaga choo cha mgonjwa. Nikakwambia huna mahaba. Kisha nikaolewa na mwalimu wa historia, nikajiona nimeipata filamu yangu mwenyewe.

Wiki ya tatu baada ya harusi alisahau miwani nyumbani. Nikavaa lile gauni la buluu, nikampelekea, nikiomba nimkute katikati ya yale maneno ya moyoni. Nilisimama dirishani. Dada, chumba kile ni cha watu arobaini na ndani walikuwa themanini na watatu. Dawati la wawili limekaliwa na wanne. Mume wangu alikuwa amewapa mgongo anaandika ubaoni, maana vitabu viko tisa na asipoandika hakuna cha kusoma. Sauti ilikuwa imemkauka. Nyuma kabisa wawili wamelala, mmoja anamsuka mwenzake. Hakuna aliyerusha karatasi wala aliyelia. Kengele ikalia katikati ya sentensi, akaweka nukta, akajipangusa chaki, akatoka kwenda darasa lingine la sabini na tisa.

Nilimuuliza pale kwenye korido kwa nini asifunge tu kitabu, akaongea nao kidogo kutoka moyoni. Akacheka kwa ile sauti yake iliyokwaruza, akasema moyo haumo kwenye mtihani, na Alhamisi mkaguzi anakuja kuangalia amefika sura ya ngapi. Akanishukuru kwa miwani. Nilirudi nyumbani nikiwa nampenda maradufu na nimenyong'onyea, vyote kwa pamoja.

Madaftari huja nyumbani kwenye viroba viwili, kimoja kila bega. Jumamosi zetu ndizo hizo. Nilimsihi mpaka akakubali nimsaidie. Akanipa mwongozo wa majibu na kalamu nyekundu, akanionyesha: vema, kosa, jumla juu kulia. Shule hairuhusu mtu mwingine asahihishe, kwa hiyo nilijifunza mwandiko wake, mpaka herufi zangu zikajua kuegemea kushoto kama zake. Siwezi kukueleza raha niliyoiona, dada. Chai katikati, miguu yetu imegusana chini ya meza ndogo, kurasa zinafunguka. Mchana ukikolea usingizi ulikuwa ukimchukua juu ya lundo, miwani imepinda puani, nami naendelea peke yangu huku namtazama na kujiuliza nimefanya wema gani nikapewa mtu huyu.

Sasa habari yenyewe. Wiki mbili zilizopita alirudi nyumbani saa nne asubuhi. Kuna fundi viatu ambaye binti yake yuko kidato cha pili. Alikuwa amekwenda shuleni na daftari la mwanawe limefungwa kwenye gazeti. Hakupiga kelele. Alilifungua mbele ya mkuu wa shule, akaomba asomewe kwa sauti kile ambacho mwalimu anamwandikia mtoto wake. Chini ya maswali ya historia palikuwa na maneno kwa wino mwekundu: "Wewe si kama wenzako. Ningekuja kufundisha hata kama darasani ungebaki wewe peke yako. Usiogope. Mlango wangu uko wazi kwako wakati wowote."

Mume wangu aliulizwa kama huo ni mwandiko wake. Akautazama sana, akasema unafanana. Akaulizwa kama aliandika. Akasema hakumbuki.

Wakamwita binti. Hapo ndipo mume wangu alipovunjika, alinieleza mwenyewe. Mtoto aliingia akamwamkia kwa furaha, kama mtu anayemwamkia mjomba wake, na yeye hakumjua. Amemfundisha tangu Januari. Alimuuliza yuko mkondo gani. Anasema uso wa mtoto ulizimika palepale, na baba yake akamshika mkono wakaondoka. Tangu siku hiyo hajaonekana shuleni. Baadhi ya walimu wanasema mume wangu alijifanya tu kutomjua. Ameambiwa akae nyumbani mpaka Jumanne, bodi itakapokaa, na kwa kosa kama hilo hakuna onyo, ni kufukuzwa na jina kuchafuka moja kwa moja.

Mwalimu wa hesabu, anayekaa naye meza moja, alikuja kutupa pole. Akauliza huo mlango walioambiwa uko wazi ni upi, wakati mwenzake ana robo ya meza na kiti cha kupokezana. Tulicheka kidogo, wote watatu. Bombani wanawake wananipisha foleni bila mimi kuomba. Mume wangu anakaa kitandani na karatasi, anaandika yale maneno tena na tena, eti aone kama mkono wake utayakumbuka.

Mkono wake hautayakumbuka, dada. Niliandika mimi.

Ilikuwa Jumamosi, amelala. Mtoto yule alikuwa amejibu maswali mawili kati ya kumi, na chini ameandika kwa penseli, herufi ndogondogo: "Mwalimu samahani, huku nyuma sioni ubao." Machozi yakanitoka. Ningemwamsha tu nikamwambia huyu mtoto ahamishwe mbele, basi, yangeisha. Lakini mimi nilisikia muziki wa zile filamu. Nilimwandikia maneno niliyoyangoja miaka yangu yote ya shule niandikiwe na mwalimu yeyote, nikayasoma mara mbili, nikaona nimefanya jambo kubwa. Nikafunga daftari nikachukua lingine. Pale ofisini kila mtu alisoma wino mwekundu. Ule mstari wa penseli hakuna aliyeuulizia.

Utaniuliza mbona nimenyamaza siku zote hizi. Mwanzo ilikuwa hofu: niliogopa asije akaniangalia kwa macho mengine. Nikajiapiza kusema jana, tukila. Nimefungua mdomo, yeye akatangulia. Alisema, "Unajua, mke wangu, natamani iwe kweli ni mimi niliyeandika. Miaka tisa hii. Angalau ingekuwepo siku moja niliyomtazama mtoto mmoja." Akaendelea kula. Nami nikameza tonge na maneno yangu.

Kwa hiyo nikisema namwokoa na lile kosa, halafu nampokonya hata hicho kidogo anachokitamani. Na bado watamshtaki kwa kumpa mkewe madaftari. Lakini Jumanne nitakwenda na kalamu ile, niandike mbele ya bodi nzima waone. Na yeye nitamwambia leo. Amekwenda kunyoa, eti aonekane nadhifu mbele yao.

Nisalimie shemeji, wabusu pacha, na mama ukimpigia mwambie tu nimenenepa, mengine muachie. Nakuomba kitu kimoja: waulize watu wa macho hapo hospitalini kwenu kama wanampima mtoto asiye na barua ya shule. Sijui hata kama yule fundi atanifungulia mlango nikienda, lakini waulize. Na wewe usinijibu kwamba uliniambia. Uliniambia, najua.

Nasikia viatu vyake kwenye ngazi. Moyo unanipiga.

Mdogo wako,
Chiriku