Taa ya Oili ya Gari la Baba

Kasongo,
tarehe 19 Agosti 2024

Kwa mpendwa Baba mdogo Faradji,
huko Kalemie

Assalam aleikum, Baba.

Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wote walio chini ya paa lako. Mguu unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema umeanza kwenda msikitini bila fimbo, nami nilifurahi sana. Sisi huku miili ni mizima. Kiangazi kimekuwa kikali, vumbi linaingia hadi ndani ya vyungu, lakini mihogo imekauka vizuri na samaki wa Nyangwe wanafika sokoni kila asubuhi.

Nianze na lililo jema. Mama anaona kwa jicho la kulia. Waganga wa macho wa hospitali walimtoa mtoto wa jicho, na kesho yake walipofungua bendeji aliangalia mikono yangu muda mrefu, kisha akauliza nilichomea wapi kidole. Ni kovu la miaka minne, Baba. Kumbe muda wote huo alikuwa hajaniona.

Sasa nije kwenye ujumbe wako wa sauti. Niliupata Ijumaa ya tarehe 9 na nimeusikiliza mara tatu. Umesema nimeua gari la ndugu yako kwa kuliendesha bila oili, na kwamba ulikosea kunipa mimi ufunguo badala ya mdogo wangu Heri. Sikukujibu kwa simu. Nilikuwa nalia, na mtandao wa hapa hukatika katikati ya neno. Wewe ni baba yangu sasa, una haki ya kunikaripia. Lakini ulinihukumu kabla ya kuniuliza, na hilo limenichoma. Nakuomba usome hadi mwisho.

Unalijua lile gari-nyumba kuliko mimi. Wewe na marehemu baba ndio mliolisukuma kwenye matope wale wazungu wawili walipokata tamaa ya safari na kumwachia yeye gari. Tangu afariki ninapakia humo cherehani zangu mbili na kuzunguka masoko ya Kabambare nikishona sare za shule. Nalala humo, napika humo. Baba alinifundisha kulisikiliza. Alikuwa akiniambia nifunge macho, kisha anauliza kelele inatoka juu au chini.

Mwezi wa saba Heri aliniomba gari, akasema analipeleka kwa fundi kubadilisha springi. Alikaa nalo wiki mbili. Lilirudi limeoshwa, hata mapazia ameyafua. Nilimshukuru mbele za watu, nikamwambia mama kwamba Heri amekua.

Ndipo tukasikia kwamba waganga wa macho watakuwa Kasongo kwa siku tano tu. Nikamlaza mama kwenye kitanda cha nyuma, na jirani yetu mama Louise kwenye kile cha pembeni. Yeye haoni kwa macho yote mawili, na nyonga yake ni mbovu, hawezi kupanda pikipiki. Asubuhi ya kuondoka Heri alikuja kutuaga. Alifungua boneti mwenyewe, akachomoa kijiti cha oili, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha na kukichomoa tena, akanionyesha. Oili ilifika alama ya juu.

Akasema, "Iko sawa, dada. Muende salama."

Siku ya kwanza tulisafiri polepole bila shida. Siku ya pili, jua lilipokuwa kali na mlima umeanza, nikasikia mlio. Haukuwa ule mdogo wa vali unaotoka juu, kama cherehani. Huu ulitoka chini kabisa, mzito, ko, ko, ko, na kila nilipokanyaga mafuta uliongezeka. Nikaangalia taa ya oili. Ilikuwa imezimika, kama inavyotakiwa. Nikajiambia kwamba taa ikizimika presha ipo, basi labda ni kitu kidogo. Nikaendelea. Hilo ndilo kosa langu, Baba, na ninalikubali: niliiamini taa kuliko sikio langu, nikaendesha karibu nusu saa zaidi.

Mama ndiye aliyesema kutoka nyuma, "Latifa, simama. Gari inaumwa."

Nikasimama. Nikapima oili, imejaa. Hakuna tone chini ya gari. Nikachukua mti wa fagio, nikauweka ncha moja kwenye chuma cha chini cha moteri na nyingine sikioni, kama baba alivyokuwa akifanya. Ukanigonga hadi kwenye meno. Nikazima, nikasubiri moteri ipoe, nikawasha tena huku nikiangalia taa. Hapo ndipo nilipoanza kushuku. Zamani taa ya oili ilichelewa kidogo kuzimika, mpaka oili ipande. Sasa ilizimika pamoja na taa ya dinamo, ile ya chaji ya betri, papo hapo, kama mapacha.

Sikuthubutu kwenda mbele hata hatua moja. Ilikuwa imebaki siku moja ya waganga. Nikapata mwenye pikipiki, nikamweka mama katikati yetu, nikamfunga kwa kitenge kiunoni mwangu. Mama Louise tulimwacha kwenye kijiji cha karibu, kwa familia iliyotukaribisha. Alishika mkono wangu akaniambia nisihangaike, atasubiri lori. Lori la kulivuta gari lilipatikana baada ya siku tatu. Alipofika Kasongo, waganga walikuwa wameshaondoka.

Gari tulilipeleka kwa mzee Kamaldine, yule fundi aliyekuwa akifanya kazi na baba. Hakufungua kitu haraka. Alitoa kile kifaa kidogo kinachopeleka habari kwenye taa, mahali pake akafunga kipimo chenye mshale. Moteri ikiwa baridi mshale ulipanda kiasi. Ilipopata moto ulishuka, ukalala karibu na sifuri. Na taa kule mbele bado imezimika. Kisha akalegeza mabomba ya mazutu, yaani dizeli, moja moja, silinda baada ya silinda. Alipofika ya tatu, mlio ukafifia.

"Ni hapa," akasema. "Kusineti ya tatu imekwisha."

Kusineti ni yale mabati laini yanayokaa kati ya mkono wa pistoni na mhimili wa moteri. Alimwaga oili kwenye beseni nyeupe, na ndani yake kulikuwa na chembe zinazong'aa rangi ya shaba. Alipofungua bakuli la chini na kunipa ile kusineti mkononi, ilikuwa nyembamba kama ganda. Nikamwuliza kama ni kwa sababu ya kukosa oili siku ile.

"Hapana, mwanangu. Hii ilianza kufa zamani, kwa mzigo mukubwa na kwa moto. Wewe uliimalizia tu. Lakini nataka kuona ile taa."

Alilala chini ya usukani na tochi. Kisha akatoka, akaniambia niingie mwenyewe. Waya wa taa ya oili ulikuwa umekatwa na kuunganishwa na ule wa taa ya dinamo, ziwake pamoja na kuzimika pamoja. Penye maungio palikuwa na utepe mwekundu, umezungushwa mara tatu, ncha imekunjwa ndani ili isifunguke.

Baba, unajua Heri anatengeneza redio. Redio yangu mwenyewe ina utepe kama huo. Nililala pale chini ya usukani, nikashindwa kutoka. Mzee Kamaldine alienda kunawa mikono akaniacha.

Heri alikuja kumwona mama siku ya nne baada ya gari kufika Kasongo. Nilimpeleka garaji, nikamwonyesha waya. Alikaa juu ya tairi. Akaniambia yote. Hakukuwa na springi yoyote. Wiki zile mbili alikuwa akibeba mifuko ya mawe ya mgodi upande wa Lusangi, kwenye vitanda vyetu. Maji ya moteri yalikauka mlimani, ikachemka, na tangu hapo taa ikaanza kuwaka na mlio ukaanza.

"Niliogopa, dada. Nilijua mutaniuliza gari ilikuwa wapi."

Nikamwuliza, "Na asubuhi ile ulipotuonyesha oili?"

"Nilizani itafika."

Ni hilo linalonikosesha usingizi. Alijua kilicho chini ya boneti, akamfunika mama miguu kwa blanketi, akatupungia mkono.

Aliniomba nisikuambie. Alitaka wiki moja akuambie mwenyewe, kama mwanaume. Nikampa. Nilimwamini tena, Baba, huku ile kusineti ikiwa mfukoni mwangu. Na wiki ile aliitumia kukutumia yale maneno kwamba niliendesha bila oili.

Baada ya ujumbe wako nilimweleza mama. Akamwita Heri. Hakumgombeza. Alimwangalia usoni kwa jicho lake moja mpaka Heri akainamisha kichwa.

Akamwambia, "Louise haoni. Amerudi Kabambare peke yake. Nenda ukamutekee maji, umupikie, umushike mukono akienda chooni. Utakaa kwake mpaka waganga warudi."

Heri aliondoka kesho yake alfajiri bila kuniaga. Nasikia yuko huko kweli. Mama Louise amenitumia habari kwamba anapika ugali mbovu lakini hakosi. Sijui kama ni majuto au ni kumwogopa mama tu. Mimi bado nikisikia jina lake nainuka na kutoka nje. Sahani yake itakuwepo nyumbani siku zote, ni ndugu yangu. Ufunguo wa gari sitampa tena.

Mzee Kamaldine amekubali nifanye kazi naye. Tumeshatoa mhimili wa moteri, nao una mkwaruzo kidogo tu, anasema utasuguliwa. Pampu ya oili ni nzima. Kusineti mpya tumeagiza, na nitazifunga kwa mikono yangu akiwa amesimama pembeni.

Ninachokuomba si kumwadhibu Heri. Usimpigie simu pia, atakujibu kwa maneno mazuri. Andika barua, umwambie umejua. Na mimi uniambie kwamba umenisikia.

Mama anakusalimia sana, anasema akija Kalemie atakuona, hatakushika tu uso kama zamani. Mzee Kamaldine anakukumbuka. Nisalimie mama mdogo Célestine na wadogo zangu wote.

Mungu akuponye mguu, akulinde njiani na nyumbani, akuzidishie umri tupate kukaa pamoja tena.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda hata leo nikiwa na uchungu,

Latifa