Wakili wa Mume Wangu

Temeke, Alhamisi. Mvua imekatika tangu adhuhuri, lakini mie bado nimenuna.

Asubuhi Tatu kaja kuangua nazi shambani kwangu. Tatu ni mke mwenzangu, bi mdogo, anakaa Kinondoni. Kaja na mkwezi wake, kanga mpya, na shikamoo ya adabu. Nimeitikia kwa sababu nimelelewa.

Namwonea wivu. Nimeshaandika, basi.

Mume wetu alipomwoa, nilidai ardhi ya shamba letu iandikwe jina langu. Sikuwa na shida ya kulima. Nilitaka Tatu asiikanyage. Mzee hakubisha, akanipeleka mjini kwa wakili wake wa Kizungu. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, ina stempu ya Mfalme. Karani akanisomea kwa Kiswahili kwamba ardhi yote ni yangu, kisha akasema, "Mama, bwana anauliza, una mtu wa kukushauri? Yeye ni wakili wa mzee."

"Mwambie mie na mume wangu ni kitu kimoja," nikajibu. Nikatia sahihi.

Nani hapa Temeke asiyejua kuwa ardhi huwa na mwenyewe, na minazi iliyo juu yake ikawa na mwenyewe mwingine? Minazi ya babu yangu mpaka leo imesimama kwenye ardhi ya watu. Ningeuliza neno moja tu. Lakini siku ile akili yangu yote ilikuwa kwa Tatu, ambaye hata hakuwapo.

Minazi kapewa yeye, kwa karatasi yake mwenyewe; leo asubuhi ndiyo kanionyesha.

Nazi zilipoanza kudondoka nilivaa baibui nikaenda kwa wakili. Hakunifukuza. Karani alinitafsiria taratibu: kazi ya bwana ilikuwa kumshauri mzee na kuandika alichotaka mzee. Kwangu mie alipaswa kunionya tu kwamba yeye si wakili wangu, na alinionya. "Pole, mama," karani akaongeza, hilo la kwake mwenyewe.

Nimerudi nikamkuta mzee barazani na kahawa yake. Nikamuuliza kwa nini.

"Wewe uliomba ardhi," kasema. "Mwenzio kaomba minazi."

Wala hakuonekana kuona ubaya.

Minazi yenyewe bado michanga, itatuzika sote. Kesho natafuta wakili wa kwangu peke yangu, na safari hii swali ninalo: Tatu akitaka kuifikia minazi yake, atapita juu ya ardhi ya nani?