Betri ya Kinanda cha Kaka

Jumatatu, 3 Machi

Bendi wamerudisha kinanda cha kaka. Mpiga besi amekileta mwenyewe, amekikumbatia kifuani kama mgonjwa. Kilikuwa stoo kwao tangu mazishi ya kaka. Amesema kinanguruma tu, vitufe vingine vimekufa, na hawana moyo wa kukipeleka kwa fundi mwingine. Fundi wa familia ni mimi. Haya!

Sintesaiza ya zamani, karibu ya umri wangu. Mbao za pembeni bado zina alama za vidole vyake. Sikuzifuta.

Mama amekigusa, ameuliza swali moja tu: ile sauti ya kama filimbi, ambayo kaka alikuwa anamalizia mazoezi, bado imo? Nimesema nitaangalia. Wifi, mke wa kaka, alipita na ndoo ya nguo kama hajaona kitu.

Jumatano, 5 Machi

Nimekifungua. Tatizo nimeliona kabla hata sijashika mita ya kupimia umeme. Kwenye bodi kubwa ya saketi kuna betri ndogo ya kumbukumbu — ndiyo inayotunza sauti alizozitengeneza kaka hata kinanda kikizimwa. Imevuja! Unga wa kijani umetambaa, umekula njia za shaba. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nikiiacha, itamaliza bodi nzima. Nikiing'oa hivihivi, kumbukumbu inafutika papo hapo. Na bendi haikuwahi kurekodi chochote. Sauti zile hazipo kwingine.

Nimelia kidogo. Kisha nikasugua bodi kwa mswaki na spiriti.

Alhamisi, 6 Machi

Ugomvi mezani. Wifi ameniambia ning'oe tu, nifute zote, kiwe kinanda kama vinanda vingine. Mama ameweka kijiko chini. Amesema yeye hakuzaa kinanda, alizaa mtu, na mtu ana sauti yake. Wifi akaondoka na sahani yake.

Nimemkasirikia sana. Nguo za kaka kashazigawa, viatu pia. Jina lake hata halitaji. Huyu keshamaliza, nimewaza. Sisi bado.

Ijumaa, 7 Machi

Vitufe vimefufuka. Njia zilizoliwa nimeziunga kwa waya mwembamba. Sauti bado — njia zake zinapita chini ya betri yenyewe. Lazima ing'oke kwanza. Basi kesho. Nina hofu.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika mbio, bado tuko mezani.

Mpango ulikuwa mzuri: nilehemu betri mpya kando ya ile mbovu, kumbukumbu isikose umeme, ndipo ning'oe mbovu. Wifi aliingia kutafuta mkasi. Nikamwomba animulikie kwa simu. Akakubali! Sikuuliza kwa nini.

Betri mpya ikakaa. Nikaanza kung'oa mbovu — umeme ukakatika. Chuma cha kulehemu kilikuwa bado na joto. Wanaojifunza kwangu nawaambia kila siku: chuma kikianza kupoa, weka chini. Mimi nikavuta. Duara la shaba linaloushika mguu wa betri kwenye bodi likang'oka nao, na waya wa betri mpya ukaondoka nalo.

Nilipiga yowe. Nikaganda. Wifi ndiye aliyetupa simu, akashika waya, akaukandamiza kwa kidole kwenye kipande cha shaba kilichobaki.

Ilikuwa kufumba na kufumbua. Chipu ya kumbukumbu huvumilia kidogo bila umeme. Huvumilia kiasi gani, sijui. Huenda sauti zimo, huenda wifi anashikilia bodi tupu. Mpaka umeme urudi, nilehemu, niwashe, hakuna wa kujua. Nimejaribu kuubana kwa utepe wa gundi: nafasi finyu, waya unateleza. Nikiutikisa tena tumekwisha.

Nimemwambia ukweli. Amesema anajua.

Mama amevuta kiti nyuma yake, anamshikilia kiwiko kisichoke. Hawajasemeshana tangu juzi. Chai imepoa, hakuna aliyeigusa. Nimekwenda dirishani mara kadhaa kutazama kama kwa majirani kumewaka — wapi!

Kidole kimemfa ganzi, naona anavyouma midomo. Nimemwambia taratibu, wifi, hebu niachie mimi, nishike kidogo.

Hakuinua macho. "Mkono wake niliuachia kwa sababu nesi aliniambia niachie. Leo usiniambie, wifi."

Mama amefunga macho. Mimi nimerudi kwenye kiti changu. Umeme bado.